Saratani ya puru ikirudi: mionzi ya chembe inamfaa nani?

Karatasi za makadirio ya gharama kutoka hospitali za India si kitu kigeni Mombasa. Kaa baraza yoyote, iwe Kibokoni au Majengo, hukosi mtu aliyempeleka mzazi Chennai au Mumbai, au aliyechangia safari ya jirani kupitia kikundi cha WhatsApp. Siku hizi tiba ya protoni nayo imo katika mazungumzo hayo. Mtoto aliye Jeddah akipekua intaneti usiku anakutana na nyingine, ioni za kaboni, inayotolewa Japani. Zote mbili huitwa tiba ya mionzi ya chembe, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana hazilingani kwa nguvu, kwa ushahidi, wala kwa mahali zinapopatikana.

Nitazungumzia hali moja tu: saratani ya puru, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa, iliyotibiwa ikaonekana imekwisha, kisha ikarudi. Hoja yangu naitanguliza, ili asiyependa fizikia asilazimike kuisubiri. Saratani hii ikirudi, usianze kuuliza mashine gani ni ya kisasa zaidi. Uliza imerudi mahali gani hasa, imerudi hapo peke yake au na kwengineko, na mahali hapo palishapitishwa nini wakati wa matibabu ya kwanza. Mashine huja baada ya majibu hayo, na mara nyingi majibu yenyewe huitoa mashine kwenye hesabu.

Tumchukue mama mmoja wa kubuni, mwenye miaka 56, mkazi wa Kisauni. Alianza kwa kutokwa damu chooni, akaambiwa ni bawasiri, akatumia dawa za dukani miezi kadhaa. Alipokubali kuingizwa kamera, kumbe ni uvimbe kwenye puru. Akapelekwa Nairobi, akapigwa mionzi mara 25 huku akimeza vidonge vya kemo, kisha akapasuliwa. Ikapita miaka miwili mizuri. Sasa anaumwa chini ya mgongo, maumivu yanashuka nyuma ya paja hadi unyayoni, kukaa kitako hawezi. Nyumbani walidhani ni mgongo wa kawaida, wakamtafutia mkandaji. Kipimo cha damu cha CEA, ambacho hupanda mara nyingi saratani ya utumbo inaporudi, kimepanda. Picha ya MRI inaonyesha uvimbe mbele ya mfupa wa sakramu, ule mfupa wa pembetatu unaounganisha uti wa mgongo na nyonga.

Mwanawe anauliza: Japani au India? Tumfuate mama huyu polepole.

Kiwanja kilichokwisha kutumika

Kwa saratani ya puru, kurudi mahali pale pale zamani kulikuwa jambo la kawaida mno. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza namna ya kuitoa puru pamoja na fungu zima la mafuta linaloizunguka, bila kulichana, na mambo yakabadilika. Baadaye Waholanzi wakafanya utafiti mkubwa. Waliopasuliwa kwa njia hiyo bila mionzi, asilimia 8.2 walirudiwa na saratani nyongani ndani ya miaka 2. Waliotanguliziwa mionzi ya siku 5 walikuwa asilimia 2.4. Kwa hiyo wanaorudiwa nyongani si wengi kama zamani. Tabu ni kwamba mwenye kurudiwa leo ni mtu ambaye silaha zote nzuri zilishatumika juu yake.

Nyonga ni mahali finyu. Kibofu kiko mbele, sakramu nyuma, mishipa mikubwa ya fahamu ya miguu inapita kandokando, na kwa wanawake kizazi kiko katikati. Puru ikishaondolewa, nafasi yake haibaki wazi. Utumbo mwembamba huteremka ukajaza lile pengo, kisha makovu yakaufunga hapo hapo. Uvimbe mpya ukiota, unaota ndani ya makovu, umeegemea mfupa au mishipa, na utumbo umelala juu yake.

Hapo mionzi ya kawaida inakwama mara mbili. Kwanza, mama yetu alishapokea grei 45 hadi 50 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) katika eneo lile lile. Utumbo mwembamba ukizidishiwa hapo hutoboka, huziba, au hutoa tundu kuelekea kibofu au uke. Madaktari wanaorudia mionzi ya kawaida nyongani kwa hiyo hukaa kwenye grei 30 hadi 40, tena kwa uangalifu mkubwa. Kiasi hicho hupunguza maumivu, na pengine kuulegeza uvimbe kabla ya upasuaji, lakini peke yake ni nadra kuumaliza. Pili, nyama ya kovu haina damu ya kutosha, na pasipo damu hapana oksijeni. Mionzi ya kawaida huitegemea sana oksijeni katika kuharibu seli: seli iliyokosa hewa inaweza kuhitaji karibu mara 3 ya kipimo ili ife. Yaani pale ambapo huwezi kuongeza kipimo ndipo kipimo kinapohitajika zaidi.

Chembe inafanya nini mwilini

Mionzi ya kawaida ya hospitali, iwe ya Nairobi, Dar es Salaam au London, ni eksirei zenye nguvu nyingi. Wataalamu huziita fotoni. Fotoni hazina uzito wala chaji. Zikiingia mwilini humwaga nguvu nyingi sentimita chache tu chini ya ngozi, huendelea kumwaga huku zikipungua, hufika kwenye uvimbe, huupita, hutokea upande wa pili. Ni mkokoteni wa maji wenye mitungi inayovuja: aliyeagiza anapata maji yake, lakini mtaa mzima umelowa, nyumba za kabla yake na za baada yake. Mashine za kisasa hupunguza madhara kwa kupiga kutoka pembe nyingi ili kila njia ipate kidogo, na uvimbe ulio katikati upate nyingi. Hiyo ni kazi nzuri, nami nisingependa mtu aidharau. Ila kilichomwagika hakirudi. Kimetawanywa tu.

Chembe zenye uzito na chaji hazifanyi hivyo. Protoni, au ioni ya kaboni, yaani kiini cha atomi yake, ikiingia mwilini kwa kasi huachia nguvu kidogo njiani kwa sababu inapita mbio. Kadiri inavyopunguza mwendo ndivyo inavyozidi kung'oa elektroni za atomi zilizo jirani, mpaka kwenye milimita za mwisho inapomwaga sehemu kubwa ya nguvu zake na kusimama. William Bragg aliliona jambo hili mwaka 1904 huko Adelaide, Australia, akichunguza chembe za alfa zinazotoka kwenye radiamu. Hakuwa akifikiria saratani. Mwaka 1946 Robert Wilson, mwanafizikia aliyekuwa ametoka kwenye mradi wa Marekani wa bomu la atomiki, aliandika kwamba kilele hicho cha nguvu kinaweza kuwekwa ndani ya uvimbe kwa kupanga tu kasi ya chembe. Wagonjwa wa kwanza walipigwa protoni Berkeley, California, mwaka 1954.

Kilele kimoja ni chembamba kuliko uvimbe wowote wa maana. Basi mashine hupiga tabaka kwa tabaka, ikibadilisha kasi kila mara, mpaka unene wote wa uvimbe umejazwa.

Hapa sasa njia za protoni na kaboni zinaachana, na hili ndilo karatasi za makadirio haziwezi kukueleza. Protoni inasimama mahali pazuri, lakini ikifika hapo inaharibu seli kwa kiwango kinachokaribia sana kile cha eksirei. Wanaopanga tiba huihesabu kuwa na nguvu mara 1.1 tu ya fotoni. Faida ya protoni ni kile isichokigusa. Kaboni ni nzito mara 12 kuliko protoni, haitawanyiki sana pembeni, na ndani ya kilele chake nguvu yake kwa seli hukadiriwa mara 2 hadi 3. Sababu ni msongamano. Inakata nyuzi zote mbili za DNA, tena mahali pengi palipokaribiana, kiasi kwamba seli haina namna ya kujishona. Uharibifu wa namna hiyo hautegemei sana oksijeni. Uvimbe uliokaa ndani ya kovu, ule unaozistahimili eksirei, ndio hasa kaboni ilionekana kuumudu.

Kaboni ina kasoro zake. Baadhi ya viini hupasuka njiani, na vipande vyake huenda mbele kidogo ya kilele, kwa hiyo upande wa nyuma haubaki safi kabisa. Na uwezo wa kusimama kwenye milimita unayoitaka una hatari yake. Gesi ikipita tumboni siku ya tiba, au kibofu kikijaa kuliko siku ya vipimo, chembe husimama mahali pengine. Eksirei huvumilia mabadiliko kama hayo zaidi.

Yaliyoonekana Japani

Japani ndiyo iliyoitengenezea kaboni jina. Mashine ya HIMAC iliyoko Chiba ilianza kutibu wagonjwa mwaka 1994, na leo nchi hiyo peke yake ina vituo saba vya kaboni. Ujerumani ilifungua kituo cha Heidelberg mwaka 2009, Italia ina kimoja Pavia, Austria kimoja Wiener Neustadt, na China, Korea Kusini na Taiwan nazo zimeingia. Si mashine ya kununuliwa na kufungwa ndani ya chumba kilichopo. Kaboni lazima izungushwe kwenye pete ya sumaku mpaka ifikie karibu robo tatu ya kasi ya mwanga ili ipate kupenya sentimita 30 za mwili. Heidelberg iligharimu euro milioni 119, na ule mkono wa chuma unaozunguka mgonjwa una uzito wa tani 670. Ndiyo maana hazijai duniani.

Wajapani waliwajaribia pia wagonjwa waliorudiwa na saratani ya puru nyongani, kwa sharti la uvimbe usioweza kupasuliwa. Walipandisha kipimo hatua kwa hatua mpaka wakatulia kwenye 73.6, kwa kizio cha grei kilichorekebishwa kulingana na nguvu ya kaboni. Hicho hugawanywa mara 16, siku nne kwa wiki, wiki nne. Walipokusanya taarifa za wagonjwa 224 kutoka vituo kadhaa na kuzitoa mwaka 2019, baada ya miaka 5 uvimbe uliopigwa ulikuwa umedhibitiwa kwa takriban asilimia 88, na waliokuwa hai walikuwa karibu asilimia 51. Mwaka 2022 bima ya taifa ya Japani ikaanza kulipia kaboni na protoni kwa saratani ya utumbo mpana iliyorudi mahali pale pale baada ya upasuaji, pale ambapo kupasua tena kwa nia ya kuponya ni vigumu.

Asilimia 88 ni namba ya kumfanya mtu auze shamba. Kabla hajauza, aiangalie hiyo nyingine. Uvimbe wa nyongani umetulia kwa watu 9 katika kila 10, hali karibu nusu yao hawapo tena. Pengo hilo limetokana zaidi na ini na mapafu: saratani ilikuwa imeshatuma mbegu kwengine kabla ya kaboni kufika. Mionzi ya chembe hutibu mahali. Haizunguki na damu.

Kuna jambo la pili, nalo linamgusa mama wa Kisauni moja kwa moja. Madaktari wa upasuaji wa Japani kwa miaka mingi waliegemea kuondoa tezi za pembeni mwa nyonga badala ya kutanguliza mionzi. Kwa hiyo wengi wa wagonjwa wao waliorudiwa na saratani walikuwa na nyonga ambayo haijawahi kupigwa mionzi. Yeye alipigwa mara 25. Namba za Wajapani si zake. Wapo waliowahi kupigwa mionzi wakatibiwa kwa kaboni, Japani kwa kipimo kilichopunguzwa kidogo, na Heidelberg katika utafiti uliopewa jina PANDORA ulioanza na vipimo vya chini kabisa na kupanda. Inawezekana, ndilo jibu. Lakini matarajio huteremka na madhara huongezeka: usaha nyongani, vidonda vya ngozi, ganzi au udhaifu wa mguu pale mishipa inapokuwa ndani ya eneo.

Tena wagonjwa wale walichaguliwa. Uvimbe ulikuwa mmoja, mahali pamoja, haujaingia ndani ya utumbo wala kibofu. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu, nani apate kaboni na nani apate upasuaji au eksirei, ili makundi yalinganishwe, na kwa ugonjwa huu ushahidi wa mgawanyo kama huo ndio unaokosekana. Mimi naziamini namba za Wajapani, kwani zimejirudia kituo baada ya kituo kwa muda mrefu. Ninachokataa ni kumwekea namba hizo mgonjwa ambaye asingekubaliwa mlangoni.

Milimita kati ya uvimbe na utumbo

Hilo la kukubaliwa mlangoni lina kipimo chake. Utumbo ukigusana na uvimbe, hakuna mashine itakayoutenganisha kwa ujanja wa miale. Kaboni inayoua uvimbe sugu itatoboa utumbo ulio milimita chache kando yake. Kwa hiyo wengi hufanyiwa kwanza upasuaji wa kuweka kizuizi. Daktari huchukua pazia la mafuta la tumboni akalikunja katikati ya uvimbe na utumbo, au akaweka kipande cha kitambaa maalumu. Wajapani wa Kobe walisaidia kutengeneza kimoja kwa malighafi ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe: kinakaa wiki za tiba, kisha mwili unakimeza.

Naona ni fundisho zuri la namna tiba hizi zilivyo. Mtu anayekimbia kisu anaweza kujikuta juu ya meza ya upasuaji ili apate mionzi.

Na kwa kweli kisu bado ndicho cha kwanza kuulizwa. Saratani ya puru iliyorudi nyongani peke yake, ikiweza kutolewa yote bila hata chembe kubaki kwenye kingo, huwapa wagonjwa nafasi nzuri ya kuishi miaka mingi. Ila si upasuaji wa mchezo. Pengine hutolewa kibofu, kizazi, hata kipande cha sakramu, na mgonjwa huamka na mfuko wa choo tumboni, au miwili, mmoja wa mkojo. Hapa kwetu mfuko una uzito mwingine. Wazee wengi wamekataa operesheni kwa kuona hawataweza kusali tena. Wenye elimu ya fikihi humhesabu mtu huyu kuwa mwenye udhuru: hutia udhu kila sala ya faradhi wakati wake ukiingia, akasali, na kinachotoka baada ya hapo hakimharibii. Ni vyema familia imuulize sheikh wao mapema, kabla ya kikao cha madaktari, isije ikawa mtu amechagua ndege ya mbali kwa kukimbia jambo lenye ruhusa.

Kipimo kimoja kisisahaulike. Saratani chache za puru, takriban 5 katika kila 100, zina hitilafu kwenye protini zinazorekebisha makosa ya DNA. Hizo mara nyingi huitikia dawa za kuamsha kinga ya mwili kwa namna ambayo saratani nyingine za utumbo hazifanyi. Kipande kile kilichokatwa siku ya kwanza, kikiwa bado kimehifadhiwa maabara, kinaweza kupimwa leo. Ni aibu mtu kuvuka bahari kutafuta kaboni kabla ya swali hilo kujibiwa.

Kutoka Mombasa, ni wapi?

Afrika Kusini ilikuwa na tiba ya protoni tangu 1993, katika maabara ya iThemba karibu na Cape Town, lakini huduma hiyo ilishasimama. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilizindua CyberKnife mwaka 2023, na nimesikia watu wakiihesabu pamoja na protoni. Siyo. Ni roboti hodari inayopiga eksirei kutoka pembe nyingi kwa ulengaji wa hali ya juu. Kwa uvimbe mdogo uliorudi mbali na utumbo inaweza kuwa jambo la kuulizia, tena bila pasipoti.

India ina protoni. Kituo cha Apollo cha Chennai kilifunguliwa mwaka 2019, na Tata Memorial wana chao Navi Mumbai. Kaboni India haipo. Kwa hiyo karatasi ya Chennai iliyoandikwa tiba ya chembe inazungumzia protoni, na zile asilimia za Japani hazihusiki nayo. Protoni kwa nyonga iliyokwisha kupigwa mionzi ina mantiki yake: hupunguza kipimo kinachofika kwenye utumbo na kwenye uboho wa mifupa ya nyonga. Lakini kwa seli iliyojificha kwenye kovu haina nguvu ya ziada, na ushahidi wake kwa saratani hii ni mdogo. Swali la kumuuliza daktari wa huko ni la moja kwa moja: daktari, tafadhali nichorewe mpango wa protoni na mpango wa eksirei za kisasa, nione kila mmoja unaipa utumbo wangu kiasi gani. Hospitali makini huchora yote miwili. Tofauti ikiwa ndogo, hapana haja ya kulipa mara kadhaa zaidi.

Kwa Japani, ada ya kaboni kabla ya bima ilizoeleka kuwa yeni milioni 3.14, zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya, na hiyo ni ada ya tiba tu, kwa wenyeji. Mgeni huongezewa, tena kuna mkalimani, malazi ya zaidi ya mwezi kwa watu wawili, na pengine ule upasuaji wa kuweka kizuizi. SHA, bima yetu ya afya ya serikali, haikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Jambo la nafuu ni kwamba hakuna haja ya kupanda ndege ili kujua kama utakubaliwa. Picha hutumwa kwanza.

Na picha zenyewe ndizo zinazokosekana. Familia hutuma ripoti zilizopigwa picha kwa simu, nusu ya karatasi imekatika. Kinachotakiwa ni MRI ya nyonga ya karibuni katika diski, si karatasi yake. PET au CT, picha za kusaka saratani kwengineko, ya kifua na tumbo kuthibitisha kuwa ini na mapafu ni safi. Majibu ya kipande kilichopimwa, kwa sababu kovu nalo huweza kuonekana kama uvimbe. Na, juu ya yote, kumbukumbu ya mionzi ya mwanzo. Si ile barua inayosema mgonjwa amemaliza tiba. Ni mpango wenyewe, unaoonyesha eneo lipi lilipokea grei ngapi, siku zipi. Uombe kwenye idara ya mionzi ulikotibiwa, uombe mapema, na ufuatilie, kwani mashine zikibadilishwa data za zamani hupotea. Bila mpango huo, daktari wa Chiba, Chennai au Nairobi atalazimika kukisia, na anayekisia juu ya utumbo uliokwisha kuchomwa hupunguza kipimo au hukataa kabisa.

Tuseme mama yetu amefanya yote hayo na PET imeonyesha madoa matatu kwenye mapafu. Kaboni imetoka, upasuaji mkubwa umetoka. Kilichobaki si kidogo. Kemo bado ina nafasi, kwa nguvu atakazokuwa nazo. Mionzi michache ya kawaida nyongani, kwa kipimo cha chini kinachokubalika baada ya ile ya kwanza, mara nyingi hulegeza yale maumivu ya mguu ndani ya wiki chache. Na morfini ya maji, dawa rahisi inayomezwa kwa kijiko, humrudishia mtu usingizi. Watu wengi wa Pwani bado huiogopa wakidhani ni dawa ya kumalizia, na mgonjwa anateseka kwa hofu hiyo. Wauguzi wa Coast Hospice hapa Mombasa wanajua kuipima kwa saa, kuanzia kiasi kidogo na kupandisha, pamoja na dawa ya kulainisha choo inayopaswa kwenda nayo kila siku. Huko mtu anaweza kufika huku majibu ya Japani na India yakiendelea kusubiriwa, kwa kuwa kutibiwa maumivu hakumzuii kutibiwa saratani.